Wazazi wanakuja Oktoba: Stonehenge, Bath na vijiji vya mawe kwa siku mbili

*Swali: Wazazi wangu wanatoka Tabora kuja kunitembelea London wiki ya mwisho ya Oktoba, watoto wangu wawili (miaka 8 na 11) wakiwa katika likizo ya nusu muhula. Baba ana miaka 74 na ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Mama ana miaka 69, na magoti yanamsumbua, hasa kwenye ngazi na akikaa kwa muda mrefu. Ningependa waione England ya mashambani, si maghorofa ya London peke yake. Nimeona safari ya basi la watalii inayokwenda Windsor, Stonehenge na Bath kwa siku moja, jumla ya saa 11. Shemeji yangu anasema Stonehenge ni mawe tu ambayo hata kuyagusa hairuhusiwi, na kwamba bila gari huwezi kufika kijijini. Amejitolea kutuendesha kwa leseni yake ya Tanzania. Rafiki yangu naye ananitia hofu kwamba huko vijijini sisi weusi tutatazamwa vibaya. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula nacho ni suala. Tunakaa karibu na Stratford, mashariki mwa London, na nina siku mbili tu za kutoka. Nifanyeje?*

Dada yangu, umeuliza mambo mengi kwa pamoja, lakini ninavyokuelewa, linalokusumbua hasa ni moja: siku ni mbili, wazee wamesafiri kutoka mbali, na unaogopa wasije wakarudi nyumbani bila kuona jambo la maana. Hofu hiyo hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wanunue tiketi ya maeneo matatu kwa siku moja, kwa kuamini kwamba aliyeona vitatu amefaidi kuliko aliyeona kimoja. Ushauri wangu unakwenda kinyume na hapo. Kila siku chagueni mji mmoja wenye kituo cha treni, pamoja na mahali pamoja palipo jirani nao, kisha mpate muda wa kutosha wa kuwa pale.

Tuanze na hesabu ya lile basi. Kutoka London hadi Stonehenge ni takriban kilomita 140, na kutoka Stonehenge hadi Bath ni zaidi ya kilomita 50 za barabara nyembamba za mashambani. Barabara ya A303 ipitayo kando ya Stonehenge inajulikana nchi nzima kwa foleni zake, na wiki ya likizo ya shule huwa na magari mengi zaidi. Basi hilo likitoka asubuhi na kurudi jioni ya giza, abiria watakuwa wamekaa kitini kwa saa sita au zaidi, na zile zitakazobaki zitagawanywa kwa maeneo matatu, huku sehemu yake ikiliwa na foleni ya choo, foleni ya tiketi na kusubiri abiria waliochelewa. Kwa kijana mwenye afya ambaye hana nafasi nyingine ya kuja England, safari ya namna hiyo inaweza kuwa na thamani yake, nami siwalaumu wanaoichagua. Kwa mama yako siipendekezi hata kidogo.

Sababu iko kwenye magoti. Mimi si daktari, lakini nimewaongoza wazee wengi wenye tatizo hili na nimejifunza kulizingatia. Goti ambalo gegedu lake (tishu laini inayofunika ncha za mifupa) limelika hukakamaa likikunjwa kwa muda mrefu bila kusogezwa. Ndiyo maana mama huumia zaidi anapoinuka baada ya kukaa kuliko anapokuwa tayari anatembea. Kiti cha basi huliweka goti katika hali hiyo hiyo kwa saa mbili mfululizo, kisha humtaka mwenye goti ashuke ngazi zenye mwinuko mkali, atembee haraka pamoja na kundi, na apande tena baada ya muda mfupi. Katika treni mama anaweza kuinuka kila baada ya dakika 20 au 30, akatembea kidogo kwenye njia ya katikati, akaenda chooni bila kumwomba mtu ruhusa. Tofauti hiyo pekee ingenitosha kuchagua treni.

Windsor tuiache kando. Iko karibu sana na London, treni hufika kwa chini ya saa moja, na siku yoyote mtakayokuwa na nusu siku ya ziada mnaweza kwenda bila mpango mkubwa. Ukumbuke tu kwamba ngome ya kifalme iliyoko huko kwa kawaida haifunguliwi kwa wageni Jumanne na Jumatano.

Sasa maneno ya shemeji kuhusu Stonehenge. Amesema kweli kwamba katika ziara ya kawaida mgeni hutembea kwenye njia iliyowekwa kuzunguka mawe, wala haruhusiwi kuyagusa. Zipo ziara chache za alfajiri na jioni zinazoingiza watu ndani ya duara lenyewe, lakini hata huko kugusa ni marufuku, na kwa wazee na watoto, tena mwezi Oktoba, sioni sababu ya kuhangaika nazo. Anapokosea ni pale anaposema kwamba ni mawe tu. Mtu akifika bila kuelezwa chochote ataona mawe tu, na mabasi mengi huwafikisha watu hivyo hivyo bila maelezo. Kwa hiyo mweleze baba haya kabla hamjatoka nyumbani, naye atawasimulia wajukuu.

Mtaro na tuta la duara vilichimbwa yapata mwaka 3000 kabla ya Kristo, na mawe makubwa yakasimamishwa yapata mwaka 2500 kabla ya Kristo, wakati huko Misri piramidi kuu zinajengwa. Mawe hayo makubwa, ambayo mengi yana uzito wa tani 20 na zaidi, yalitoka umbali wa takriban kilomita 25 upande wa kaskazini. Wanasayansi walithibitisha mwaka 2020 kwamba mengi yalitoka katika msitu uitwao West Woods. Mawe madogo ya rangi ya kibuluu yalitoka vilima vya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200. Na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba jiwe moja lililolala katikati, ambalo kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa la Wales, asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Hayo yote yalifanywa na watu wasio na chuma wala gari la kukokotwa. Juu ya mawe yaliyosimama walilaza mengine na kuyashikiza kwa ulimi na tundu, namna ile ile ambayo seremala huunganisha fremu ya mlango. Mhimili wa jengo lote unaelekea jua linapochomoza siku ndefu kuliko zote mwezi Juni, na upande wake wa pili linapotua siku fupi kuliko zote mwezi Desemba. Mwalimu wa jiografia akisimama hapo na kuwaonyesha wajukuu mashariki ilipo, hakuna atakayesema ameona mawe tu. Mtasikia pia watu wakisema ni hekalu la Wadruidi. Makuhani hao wanatajwa katika historia zaidi ya miaka 2,000 baada ya mawe kusimamishwa.

Namna ya kufika ni rahisi. Kutoka Stratford mnapanda treni ya Jubilee hadi Waterloo, na vituo vyote viwili vina lifti. Kutoka Waterloo hadi Salisbury ni takriban saa moja na nusu. Nje ya kituo cha Salisbury kuna basi maalumu la Stonehenge, na mwendo wake ni kama nusu saa. Basi hilo linawashusha kwenye kituo cha wageni kilichofunguliwa mwaka 2013, umbali wa zaidi ya kilomita 2 kutoka kwenye mawe, kisha gari dogo la bure linawapeleka karibu na mawe yenyewe. Mama asitembee umbali huo, hata kama watoto watataka. Vyoo vipo kwenye kituo cha wageni, si kwenye mawe, kwa hiyo kila mtu apitie huko kwanza. Uwanda wa Salisbury ni wazi kabisa, upepo hauna kizuizi, na mwishoni mwa Oktoba joto la mchana huwa nyuzi 10 au zaidi kidogo. Wazee wavae nguo kadhaa zilizopandana badala ya koti moja zito, na kofia isikosekane. Kundi kubwa huja kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, na tiketi hukatwa kwa saa maalumu, kwa hiyo nunueni mapema kwenye tovuti ya English Heritage, shirika linaloisimamia Stonehenge. Ukinunua mapema huwa nafuu kuliko kulipa mlangoni.

Mkirudi Salisbury, msikimbilie treni. Kanisa kuu la mji huo ni sababu tosha ya safari, na ukaribu wake na Stonehenge ndio unaonifanya niiweke siku hii mbele ya nyingine zote. Msingi uliwekwa mwaka 1220, na sehemu kuu ya jengo ikawekwa wakfu mwaka 1258, muda mfupi mno kwa kazi ya namna hiyo, ndiyo maana jengo zima lina mtindo mmoja. Mnara wake wenye ncha uliongezwa baadaye. Una urefu wa mita 123, na hakuna mnara wa kanisa mrefu kuliko huo Uingereza nzima. Misingi ina kina cha mita 1.2 hivi tu, juu ya changarawe, na uzito wa mnara umezipinda nguzo za katikati kiasi cha kuonekana kwa macho: simama chini yake, tazama juu, utaona. Humo humo huhifadhiwa mojawapo ya nakala nne zilizobaki za Magna Carta ya mwaka 1215, hati ambayo mfalme John alilazimishwa kukubali kwamba hata mfalme yuko chini ya sheria. Mtu aliyefundisha maisha yake yote atataka kuiona. Njia ya kutoka kituoni hadi kanisani ni tambarare, dakika 10 hadi 15 kwa miguu, na teksi zipo kama mama amechoka.

Siku ya pili ndiyo ya kijiji, na hapa sina budi kueleza jambo moja kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndilo linaloamua nani afike wapi.

Shemeji anaposema kwamba bila gari hufiki kijijini, anazungumzia hali iliyo na historia yake. Zamani reli ndogo zilifika karibu kila pembe ya England. Mwaka 1963 ilitolewa ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa shirika la reli la Uingereza, iliyopendekeza kufungwa kwa vituo zaidi ya 2,000 na maelfu ya kilomita za reli, na sehemu kubwa ya mapendekezo hayo ikatekelezwa. Vilivyobaki vyenye treni, kwa sehemu kubwa, ni miji iliyo kwenye njia kuu zinazotoka London. Kwa hiyo asiye na gari asianze kwa kuchagua kijiji kizuri alichokiona kwenye picha kisha akatafuta njia ya kukifikia. Aanze na ramani ya reli, atafute kituo, halafu aulize ni kijiji gani kilicho umbali wa dakika 20 za basi kutoka hapo. Kwa kufuata njia hiyo utaona kwamba vijiji vinavyofikika ni vingi.

Na kwa nini vijiji hivyo vinapendeza hivyo? Katika vilima vya Cotswolds na kandokando yake, ardhi yenyewe ni mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na watu walijenga kwa kile walichokichimba jirani. Fedha ilitoka kwa kondoo. Katika zama za kati sufu ya eneo hilo iliuzwa hadi Flanders na Italia, na matajiri wa sufu ndio waliojenga makanisa makubwa kuliko mahitaji ya vijiji vyao. Kisha viwanda vya nguo vyenye mashine za mvuke vikastawi kaskazini, palipo na makaa ya mawe, na vijiji hivi vikabaki bila kazi. Hapakuwa na fedha ya kubomoa nyumba ya kale na kujenga mpya, kwa hiyo nyumba ya kale ikabaki. Sheria za kuhifadhi majengo zilipokuja katika karne ya 20, zilikuta vitu ambavyo umaskini ulikuwa umeshavilinda kwa miaka mingi. Ninapenda wageni walijue hili, kwa sababu wengi hutazama nyumba hizo na kudhani kwamba mahali hapo siku zote palikuwa pa matajiri.

Vijiji maarufu kuliko vyote ni Bibury na Bourton-on-the-Water. Sikupeleki huko. Bibury haina treni karibu, njia zake ni nyembamba, na umaarufu wa safu yake moja ya nyumba za wafumaji umeleta magari mengi kuliko kijiji kinavyoweza kubeba. Bourton inafikika kwa treni kutoka Paddington hadi Moreton-in-Marsh, kisha basi, na mto wake wenye madaraja mafupi ungewafurahisha watoto. Lakini siku za likizo watu hujazana, na ukikosa basi moja utasubiri muda mrefu kwenye baridi. Familia ya vijana watupu ningeiambia iende.

Ninyi ningewapeleka Lacock, katika jimbo la Wiltshire. Kutoka Stratford treni ya Elizabeth inakwenda moja kwa moja hadi Paddington, na ina lifti. Kutoka Paddington hadi Chippenham ni zaidi kidogo ya saa moja, na kutoka Chippenham hadi Lacock ni kilomita 5 au 6, kwa basi la kawaida au kwa teksi ambayo kwa watu watano inaweza isiwe ghali sana ukilinganisha. Karibu kijiji kizima kiko mikononi mwa National Trust, shirika la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1895. Familia ya Talbot ilikikabidhi mwaka 1944 pamoja na abasia, yaani nyumba ya kale ya watawa, iliyo kando yake. Kuingia kijijini ni bure, kwa kuwa ni makazi ya watu kama kijiji kingine chochote. Kinacholipiwa ni abasia na makumbusho yake. Mitaa ni michache, tambarare kwa sehemu kubwa, na unaweza kuizunguka yote polepole kwa saa moja huku mama akikaa pale anapotaka.

Abasia ilianzishwa mwaka 1232 na Ela, Kauntesi wa Salisbury, kwa ajili ya watawa wa kike. Mwaka 1835 mwenye nyumba hiyo, William Henry Fox Talbot, aliweka kamera ndogo ya mbao mbele ya dirisha moja na kupata picha ya negativu (yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa) ambayo ndiyo ya kale kuliko zote zilizobaki duniani. Dirisha hilo lipo mpaka leo, na watoto wanaweza kulipiga picha kwa simu kutoka pale pale aliposimamisha kamera yake. Nimeona watoto waliochoshwa na majengo ya kale wakichangamka kabisa mahali hapo.

Kutoka Chippenham treni inayoendelea magharibi hufika Bath kwa takriban robo saa. Kama saa 8 mchana mama bado ana nguvu, endeleeni huko kwa saa mbili. Kama amechoka, rudini nyumbani bila majuto. Katika Bath, kituo, kanisa kuu na Mabafu ya Waroma vyote viko sehemu ya chini na vinakaribiana. Nyumba maarufu za nusu duara za Royal Crescent ziko juu kwenye mwinuko, kwa hiyo ziacheni au mchukue teksi. Ndani ya Mabafu ya Waroma maji yenye joto la nyuzi 46 hububujika kutoka chini ya ardhi, zaidi ya lita milioni moja kila siku, lakini msidhani mtaoga: ni makumbusho, na maji hayo hayaguswi. Lifti zipo, ingawa sakafu nyingine hazijalingana. Ukiona baba ana hamu kubwa ya Mabafu hayo, basi ifanyeni siku yote kuwa ya Bath na muiache Lacock. Kujaribu kuyaona yote mawili vizuri kwa mwanga wa Oktoba hakuwezekani.

Kuna jambo moja la njia hiyo ya reli ambalo baba yako, kama mtu wa Tabora, anastahili kuambiwa. Mwaka 1858 mvumbuzi wa Kiingereza John Hanning Speke alimwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa Kazeh, yaani Tabora yenyewe, akaenda kaskazini na msafara hadi kwenye ziwa kubwa, na akashikilia kwamba hapo ndipo chanzo cha Mto Nile. Burton hakukubali. Miaka 6 baadaye wawili hao walipangiwa kukutana Bath, mbele ya mkutano wa wanasayansi, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa kwenye mawindo huko Neston Park, karibu na Corsham. Mahali hapo pako kati ya Chippenham na Bath, na treni yenu itapita jirani. Wapagazi wa Kinyamwezi na mkalimani wa Speke, Sidi Mubarak Bombay, hawakualikwa kwenye mjadala wowote, ingawa bila wao hakuna Mwingereza ambaye angefika ziwani. Mwacheni mzee awaeleze wajukuu sehemu hiyo kwa maneno yake. Anaweza pia kuwaambia kwamba sehemu ya fedha zilizoijenga Bath katika karne ya 18 ilitoka mashamba ya watumwa ya Karibi, jambo ambalo siku hizi makumbusho yenyewe yanalieleza.

Kuhusu gari, naomba ulipokee hili kwa uzito. Mgeni aliyekuja kutembea anaruhusiwa kuendesha Uingereza kwa leseni ya nyumbani kwa miezi 12. Lakini mtu aliyehamia na kuwa mkazi ana miezi 12 tu tangu alipoanza ukazi, na leseni ya Tanzania haimo katika zile zinazobadilishwa bila mtihani. Kama shemeji ameshapita mwaka mmoja na hajafanya mtihani wa hapa, kisheria hana leseni, na bima ya gari inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea. Mwulize kwa upole kabla hamjapanga lolote. Kama ana leseni ya hapa, gari ni jambo jema kwa mama, kwa sharti kwamba msimame kila saa moja, na dereva awe tayari kwa njia za mashambani ambako gari moja tu hupita na mwingine hulazimika kurudi nyuma.

Kuhusu kutazamwa, sitakudanganya. Vijijini weusi ni wachache, na huenda mkatazamwa kidogo mkiingia mkahawa mdogo. Nimepita na familia nyingi za Kiafrika na za Kihindi katika vijiji hivi, na walichokutana nacho zaidi ni salamu. Huko watu husalimiana njiani na wasiowajua, jambo ambalo London halipo, na wazee wa pande zote mbili mara nyingi huishia kuzungumza juu ya mvua na wajukuu. Lacock na Salisbury zimezoea wageni wa kila taifa. Akitokea mtu wa kuwatukana, ondokeni, na mpigie polisi 101, au 999 kama kuna hatari. Nanyi mkumbuke kwamba zile nyumba za picha nzuri ni za watu: watoto wasisimame vizingitini wala wasichungulie madirishani.

Chakula cha halali kijijini ni adimu, kwa hiyo bebeni chenu. Chapati, mayai, vitumbua na chupa ya chai ya moto vinatosha, na hakuna atakayewashangaa mkila bustanini au kwenye treni. Mkiingia mkahawa, agizeni samaki au mboga, na muulize samaki amekaangwa kwa mafuta gani, kwa sababu baadhi ya jikoni hutumia mafuta ya ng'ombe. Skonzi kwa jamu na malai ni kitafunio cha huko ambacho wazee wengi hukipenda. Migahawa mingi ya vijijini hufunga jiko la mchana saa 8 au 8:30. Sala ya adhuhuri na ya alasiri zitawakuta safarini, na magharibi itawakuta kwenye treni. Masuala ya kupunguza na kukusanya muulizeni sheikhe wenu mapema.

Tazameni saa kwa makini. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja, na baada ya hapo jua la huko hutua yapata saa 10:40 jioni. Chagueni siku ya katikati ya wiki. Jumapili mabasi ya vijijini hupungua sana au hayapo kabisa, na mara nyingi reli hufungwa kwa matengenezo. Siku za kazi nauli ya treni hushuka baada ya msongamano wa asubuhi, kwa kawaida kuanzia karibu saa 3:30. Watu wazima watatu wakisafiri pamoja wanaweza kupata punguzo la theluthi moja liitwalo GroupSave katika treni nyingi za njia hizi, bila kadi yoyote, na watoto wa umri wa wanao hulipa nusu. Wazazi wakikaa muda mrefu na kusafiri zaidi, wenye miaka 60 na kuendelea wanaweza kununua Senior Railcard kwa kuonyesha pasipoti.

Kabla ya yote haya, mama aonane na daktari wake huko Tabora aeleze kwamba atasafiri kwa ndege na kutembea, na aje na dawa zake za kutosha pamoja na bima ya safari. Hospitalini hapa matibabu ya awali ya dharura hayalipiwi, lakini mgeni akilazwa anaweza kutozwa fedha nyingi. Baada ya safari ndefu ya ndege, mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto na maumivu kwenye shavu la mguu, msisubiri: pigeni 111, namba ya ushauri wa afya, siku hiyo hiyo. Akipata shida ya kupumua au maumivu ya kifua, pigeni 999. Kwa upande wa treni, ipigieni kampuni husika angalau siku moja kabla na muombe msaada wa abiria; ni bure, na mfanyakazi atamngoja mama na kiti cha magurudumu na ubao wa kupandia. Kwa kiti cha magurudumu cha Stonehenge, wasilianeni na kituo cha wageni mnapokata tiketi, na muwaambie tangu mwanzo mama anaweza kutembea kwa muda gani kabla ya kuhitaji kukaa.